Redio Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumbani kwangu kuna sheria moja: mtu asizime redio wakati matangazo yanasomwa. Hata yakiwa ya sabuni. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi ana mambo yake, redio yenyewe siku hizi imo ndani ya simu na hakuna anayeijali. Wacheke tu. Juzi mmoja wao aliikata katikati ya sentensi ili apokee simu ya rafiki yake, nikamvaa kwa maneno mpaka akatoka nje na kikombe chake cha chai. Baadaye nilimwonea huruma, kwa sababu hakujua kosa lake liko wapi. Basi naandika haya ili ajue.

Niliolewa upande wa Misigiri, kwenye familia ya wakulima wa uwele wenye ng'ombe wachache. Tuliishi kwenye tembe refu la udongo, baba mkwe na mama mkwe upande mmoja, mimi na mume wangu upande wa pili, na jiko katikati. Mvua ilipokosekana mwaka ule, mume wangu alisema anakwenda Tanga kukata mkonge, akipata kazi ataleta habari. Mtoto wetu alikuwa bado ananyonya. Akaondoka na shuka moja na kibuyu cha maji, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani kama wanawake wengine walivyowasindikiza waume zao.

Habari haikuja. Tukavuna, tukalima tena, tukavuna tena, kimya. Watu waliotoka huko walisema mashamba ni makubwa, mtu anaweza kukaa upande mmoja asikutane na ndugu yake wa upande mwingine. Wengine walisema kuna homa. Nilikuwa nikilala na kuamka na swali moja tu: mume wangu yu hai au amekufa? Nilikonda mpaka mama mkwe akaanza kunitania kwamba nikisimama juani sina kivuli.

Ndipo redio ilipoingia kwetu. Baba mkwe alipeleka dume la ng'ombe mnadani, akarudi amebeba kile kidude kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa mgeni. Kabla ya hapo tulisikia tu kwamba kuna sauti inatoka Dar es Salaam na kufika nchi nzima. Mwanzoni sauti hiyo ilikuja kwetu kwa taabu, inakwaruza, inazama, inarudi. Baba mkwe akafunga waya kwenye mgunga uliokuwa nyuma ya nyumba, ikawa afadhali. Baadaye wakasema mitambo mipya imefungwa, na kweli, sauti ikatulia, ikawa kama mtu amekaa hapo nje kibarazani.

Mngewaona wazee! Ikifika saa ya habari walikuja wamevaa makoti, na jua lile la Iramba. Mmoja, mdogo wake baba mkwe, alikuwa akivua kofia mtangazaji anapoanza. Akisema "habari za mchana", mzee yule anajibu, "Njema, baba, sijui huko?" Na hakuna aliyecheka, isipokuwa mimi, tena kwa kujiziba mdomo na kanga, kwa kuwa nilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta.

Jikoni ndiko nilikotakiwa kuwa. Kwetu mke wa mwana hakai mahali alipokaa baba mkwe. Humtazami usoni, humpiti mbele, na ukitaka kumwambia neno unamwambia mama mkwe ndiye alifikishe. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kusema naye zaidi ya kupiga goti mbali na kusema "shikamoo, baba", naye kujibu akiwa anatazama ng'ombe. Kwa hiyo nilihamisha jiwe langu la kusagia, nikaliweka chini ya kidirisha cha jiko kilichotazama kibaraza. Nikawa nasaga uwele na kusikiliza.

Baada ya habari yalikuja matangazo ya vifo, na hayo ndiyo yaliyonifanya nihamishe jiwe. Yalisomwa mkoa kwa mkoa. Yakianza, mikono yangu yenyewe ilikataa kusaga. Nilikaa na unga vidoleni hadi mtangazaji amalize Singida na kuhamia kwingine. Hapo ndipo nilipovuta pumzi na kuendelea. Mama mkwe alikuwa akiniita kutoka uani, "Jiwe lako limenyamaza, wewe. Unga utajisaga?" Lakini alijua. Naye alikuwa anasimama na ufagio mkononi asifagie.

Sasa, baba mkwe alikuwa na neno na ile redio. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba hivi hivi. Wazee hukaa kwanza. Anatafutwa mtu wa kukaa karibu nawe, unapewa uji unywe, ukishashiba ndipo unaambiwa, tena kwa kuzunguka. Redio haikuyajua hayo. Ilimwambia mtu mwenye njaa, peke yake, mbele ya watu. "Hiki kidude hakina adabu," baba mkwe alikuwa akisema. Basi akisikia tangazo linamhusu mtu wa pale kwetu, alizima papo hapo. Wazee walinyanyuka, wakashika fimbo, wakaenda kukaa faraghani. Siku alipofariki kaka wa jirani yetu mmoja mjane, baba mkwe alizima hivyo hivyo, na yule mama aliitwa kunywa uji kwa shemeji yake. Alipouona ule uji alianza kulia kabla hajaambiwa neno.

Mnaona shida yangu? Redio ikizimwa, kuna mtu amekufa. Na mimi nilikaa pale kila siku nikiomba isizimwe.

Siku moja, nikiwa na mtoto mgongoni, mtangazaji akasema, "Na sasa mkoa wa Singida," kisha kimya. Kimya cha ghafla. Betri zikichoka nilizijua: sauti inalegea, inakuwa nzito kama ya mlevi, na siku inayofuata unaziona zimeanikwa juu ya tembe zipate jua. Hii haikulegea. Ilikatika. Nikasikia viti vinasogezwa, fimbo zinaokotwa, na nilipochungulia nikaona wazee wote wanatoka mbio mbio kwa njia ya barabarani, makoti yanapepea, hakuna anayesema na mwenzake. Baba mkwe alikuwa mbele.

Mungu wangu. Nilijiambia, ndiyo hiyo, imekuja. Wanakwenda kukaa mbali ili nisisikie.

Nilifanya nini? Nilibandika chungu kikubwa. Haki ya Mungu, mume wangu amekufa na mimi naweka maji ya ugali, kwa sababu nilijua watu watakuja na watahitaji kula. Nilivua shanga zangu za shingoni nikazifunga kwenye pindo la kanga. Mama mkwe alitokea mlangoni, akaona chungu, akaona shingo yangu, akaketi chini palepale. Naye alikuwa amekisikia kile kimya. Tulikaa wawili, moto unawaka, kila mmoja anaogopa mwenzake asije akaanza kulia. Halafu akanyanyuka, akakoroga uji, akaniletea kibakuli. Nikasema, "Mama, siutaki huo uji." Akasema, "Hata mimi siutaki, lakini tufanyeje?"

Jua lilikuwa limeelekea magharibi baba mkwe aliporudi, peke yake, anatembea taratibu. Akaenda kukaa kwenye kigoda chake. Hakumwita mama mkwe. Nikangoja. Nilingoja mpaka nikaona nikingoja tena nitapasuka.

Nikatoka jikoni. Nikavuka uwanja, nikapita mbele yake, nikasimama. Nyuma yangu nikamsikia mama mkwe anasema, "Yalaa!" Sikupiga goti wala sikuamkia. Nilisema, "Baba, ni yeye?"

Yule mzee alishtuka karibu aanguke. Akageuza uso upande, akatazama zizi. "Yeye nani?"

"Mwanao. Umezima redio. Mmekwenda kukaa. Niambie."

Akainua kitu kutoka chini. Ilikuwa redio, na pembeni yake bomba la karatasi ngumu alilolitengeneza mwenyewe kupanga betri kuukuu ziongezee nguvu zile mpya. Lilikuwa limepasuka katikati. "Imekatika," akasema. "Sikuzima. Tulikimbilia dukani barabarani, kuna redio, tuwahi Singida. Tumekuta imeshapita. Wameshafika Tabora."

Nilicheka? Sikucheka. Nilikasirika, nikakasirika mpaka nikalia. Nilimlilia palepale mbele yake, mtoto naye mgongoni akaanza. Nikamwambia maneno ambayo mke wa mwana hasemi. Nikasema, "Baba, mimi nakufa kila siku huko jikoni. Kimya chako kinaniua. Siku ikija, usinizimie. Nisikie mwenyewe. Nakuomba."

"Mtu haambiwi hivyo," akasema, bado anatazama zizi. "Hata uji hujanywa."

"Uji utanisaidia nini?"

Mama mkwe alikuja kunishika mkono, akanirudisha jikoni, na njiani alikuwa ananisema chini chini, wewe una kichaa, wewe umetuaibisha, huku ameukumbatia mkono wangu haachi. Jioni ile redio ilipofungwa upya kwa kamba ya mpira, tangazo la Singida lilirudiwa. Aliyekufa alikuwa mzee mmoja wa Kilimatinde. Mungu aniwie radhi, nilimshukuru kwa kufa.

Baada ya siku ile baba mkwe hakunisemesha tena, wala mimi sikuthubutu. Mambo yalirudi kama zamani, yeye kibarazani, mimi kwenye jiwe. Ila niliona kigoda chake kimesogea. Zamani alikaa karibu na mlango wake. Sasa alikaa karibu na kidirisha changu, amekipa mgongo.

Halafu likatokea jambo la furaha. Kwenye kipindi cha salamu tulimsikia mume wangu! Si sauti yake, mtangazaji tu akisoma kadi yake, lakini ni yeye, yuko Tanga, mzima. Alimsalimu baba yake kwa jina, mama yake kwa jina, baba zake wadogo mmoja baada ya mwingine, mpaka jirani aliyemwazima jembe. "Na wote walioko nyumbani." Ilikuwa ni hivyo tu. Mimi nilikuwa humo kwenye "wote". Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Jembe limetajwa, mke hakutajwa!" Nikanuna siku nzima, lakini nilikuwa nanuna kwa raha. Usiku ule nililala usingizi wa kweli.

Wasiwasi ulirudi tena, maana kadi huchukua muda mrefu kufika, na mtu anaweza kuwa mzima anapoiandika, akawa amekufa inaposomwa. Nikawa nasaga, nanyamaza, nasaga.

Ilikuwa wakati wa kufukuza ndege shambani. Wazee walikuwa wachache siku hiyo. Mtangazaji akasema mkoa wa Singida, mikono yangu ikasimama. Akasoma jina la shamba la mkonge la huko Tanga. Akasoma kwamba wafanyakazi wenzake wanasikitika. Akasoma jina la mume wangu.

Nilimwona baba mkwe kupitia kidirisha. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha redio, kama ulivyokwenda siku zote. Nikajua anazima. Nikafumba macho.

Sauti ikapanda. Ikapanda mpaka mwisho, ikawa inakwaruza. Nilipofumbua macho redio ilikuwa kidirishani kwangu. Alikuwa ameinyanyua kwa mikono miwili na kuiegemeza pale, na yeye amegeuza uso upande wa zizi kama desturi inavyotaka, mabega yanamtetemeka. Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyekuwa anatangazwa, naye alisimama ameshika ile redio ili mimi nisikie.

"Habari ziwafikie," mtangazaji akasema, akamtaja baba yake, akamtaja mama yake, kisha akasema, "na mke wake," akalitaja jina langu. Jina langu lote, na la baba yangu mzazi. Nchi nzima ililisikia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Akamaliza Singida, akaendelea na mkoa unaofuata, na wa baada yake. Baba mkwe hakuzima.