Seva ya Bi Masjala

Kwa miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika masjala ya hospitali, chumba cha chini chenye dirisha moja na rafu za chuma zilizojaa mafaili hadi darini. Madaktari walimwita Bi Masjala, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Alijua nani anaumwa nini katika nusu ya mji, na hakuna mtu aliyewahi kusikia neno kutoka kinywani mwake. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba siku akiumwa, itambidi aombe kibali cha kusoma faili lake mwenyewe.

Mdogo wake wa kike ana kifafa tangu utotoni. Huyo mdogo mtu ndiye aliyeanzisha barua. Walikuwa wagonjwa kumi na mmoja waliozoeana kwenye benchi la kliniki, kila mmoja amechoka kuzunguka maduka ya dawa na kuambiwa vidonge vimekwisha. Akaanza kuwaandikia kwa barua pepe kila Jumatatu: duka gani lina dawa, ipi imeadimika, muuguzi amejibu nini, mtu akianguka afanyiwe nini. Barua ikapendwa. Kumi na mmoja wakawa mia, mia zikawa sita.

Walikuwa wakiituma kupitia kampuni moja ya mbali iliyotoa huduma hiyo bure. Asubuhi moja wakakuta akaunti imefungwa. Waliandika kuuliza kosa lao, wakajibiwa kwa maneno ya jumla yasiyojibu kitu.

Bi Masjala, ambaye alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu, aliposikia habari hiyo alikaa kitako.

"Kwa hiyo majina ya wagonjwa mia sita yako kwa watu tusiowajua," alisema, "na sisi wenyewe tumefungiwa mlango?"

"Ndivyo, dada."

"Basi haya majina nitayatunza mwenyewe."

Mume wa mdogo wake alikuwa fundi wa kompyuta chuoni. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Shemeji, kuendesha seva ya barua si kama kupanga mafaili."

"Ni kama nini basi?"

Fundi akafikiri. "Haya, ni kama kupanga mafaili. Ila haya mafaili yanapiga kelele yakipangwa vibaya."

Walinunua kompyuta iliyokwisha kutumika ya kuwa seva, yaani ya kupokea na kutuma barua, ndogo kama boksi la viatu, wakaiweka stoo kando ya meza ya kupigia pasi, pamoja na betri ya kuibeba umeme ukikatika. Shemeji aliweka programu, kisha akamwambia Bi Masjala akae kwenye kiti, yeye akasimama nyuma. Akiwa na umri wa miaka sitini na moja, mama huyo alijifunza amri za kompyuta moja baada ya nyingine, akiziandika herufi kwa herufi kwenye daftari la hesabu, kila nafasi tupu akiiwekea kisanduku chake. Siku moja aliruka kisanduku kimoja, na kazi ya tangu asubuhi ikafutika yote. Alikwenda kupiga pasi mashuka yote ya nyumba, kisha akarudi kuanza upya.

Barua ya kwanza iliondoka salama, lakini karibu nakala zote zikaishia kwenye vikasha vya barua taka. Shemeji akamweleza kwamba kampuni kubwa za barua pepe humwangalia mtumaji mpya kama mgeni aliyebisha hodi bila kujitambulisha. Inabidi barua ziwe na saini ya kuthibitisha zimetoka wapi, jina la seva lilingane na anwani yake, na mtu aanze polepole. Wakaanza na barua thelathini kwa siku, kisha hamsini, kisha mia. Wakati huohuo Bi Masjala aliwapigia watu simu mmoja mmoja.

"Fungua kile kikasha cha taka. Umeiona barua yetu? Itoe, bonyeza pale pasemapo si taka."

"Mwanangu," mzee mmoja alimuuliza, "kama si taka, kwa nini mmeitupa jalalani?"

Ilichukua miezi miwili mpaka barua zikaanza kupokewa kwa heshima. Baada ya hapo kazi ikawa ya kila siku, kama kufagia. Aliyejiandikisha alitumiwa ujumbe athibitishe kwamba ni yeye. Aliyetaka kutoka alitolewa siku hiyohiyo bila kuulizwa sababu. Kila jioni, kabla ya chakula, alinakili orodha yote kwenye kifaa kidogo anachokifungia kabatini. Barua zikirudi kutoka anwani fulani mara tatu, hakuifuta kwanza. Alipiga simu kama namba ilikuwepo. Mara mbili alipokelewa na mjane. Chini ya fomu ya kujiandikisha aliandika sentensi moja aliyoitunga mwenyewe: "Jina lako hapa halitaonwa na mtu mwingine."

Walipofika watu elfu moja na mia nne, ndipo yakatokea ya kutokea.

Jumamosi moja mchana alisasisha programu, kama alivyozoea. Hakujua kwamba katika kusasisha huko mpangilio mmoja ulijirudisha ulivyokuwa kiwandani: mtu akijibu barua, jibu liende kwa wote. Jumatatu saa nne barua ikatoka. Safari hiyo mdogo wake alikuwa ameuliza kama kuna aliyewahi kuwaeleza watu wa kazini kuhusu ugonjwa wake. Dakika ishirini baadaye mtu mmoja akajibu, akidhani anamwandikia mdogo mtu peke yake:

"Mimi ni kinyozi, duka langu liko nyuma ya kituo cha mafuta. Mwaka wa saba huu nanyoa watu na hakuna ajuaye. Nikisikia dalili zinakuja nafunga duka nasema jino linauma. Wateja wameshanibandika jina, wananiita Jino. Zaidi ya mke wangu, sijawahi kumwambia mtu haya."

Jibu hilo likaenda kwa watu elfu moja na mia nne. Mwingine akajibu kumpa pole, nalo likaenda kwa wote. Wa tatu akalalamika kwamba anatumiwa barua zisizomhusu. Bi Masjala alipoona, alikimbilia stoo akang'oa waya wa mashine kwenye betri. Halafu akabaki ameushika mkononi.

"Ni kosa la programu, shemeji," fundi alimwambia. "Ingemtokea yeyote."

"Programu haikumwahidi mtu kitu. Niliyeahidi ni mimi."

Kesho yake asubuhi akavaa, akaenda mwenyewe nyuma ya kituo cha mafuta. Duka lilikuwa na viti viwili na kioo kirefu. Kinyozi, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akikunja taulo, hakuna mteja hata mmoja. Bi Masjala akajitambulisha, akaeleza lililotokea bila kupunguza wala kuongeza, akaomba msamaha.

Kinyozi alizima redio.

"Mama, niliisoma ile sentensi mara tatu kabla ya kujiandikisha. Eti jina langu halitaonwa."

"Ndiyo. Na mimi ndiye niliyeacha mlango wazi."

"Jirani yetu yumo kwenye orodha yenu. Jana jioni mke wangu aliulizwa dukani kama ni kweli. Yeye anajua, lakini mama yake alikuwa hajui." Akaitupa taulo kwenye kiti. "Nitoe humo."

"Nimeshakutoa."

"Sasa unangoja nini?"

"Sijui, baba. Niliona si haki nikuandikie barua nyingine."

Kinyozi akamtazama, akageukia kioo. "Nenda nyumbani, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ilivyokasirika.

Wiki hiyo watu sabini na mmoja walijitoa. Bi Masjala alitaka kufunga kabisa. Mdogo wake akaja juu.

"Dada, ukizima hiyo mashine, Jumatatu nani atawaambia dawa iko wapi? Unataka kujiadhibu, jiadhibu, lakini usituadhibu sisi!"

Hakuzima. Aliwaandikia wote, akaeleza kosa kwa jina lake mwenyewe, akaifuta ile sentensi ya kwenye fomu na kuandika nyingine ndefu zaidi, inayosema yanayoweza kuharibika na wanavyojihadhari nayo. Akaunda orodha ya majaribio yenye watu watatu, yeye, mdogo wake na shemeji. Tangu hapo akisasisha chochote, barua huanza kwa hao watatu, na wote wanalazimika kujibu ili ionekane majibu yanakwenda wapi. Shemeji hujibu kwa matusi ya utani, kwa makusudi kabisa.

Yaliyotokea kwa kinyozi aliyasikia baadaye, kutoka kwake mwenyewe. Alhamisi ya wiki ileile aliingia mwanamume mnene, sura ngeni, akakaa kitini na kusema, "Punguza pembeni tu." Alipokwisha kunyolewa akasimama, akajipangusa shingo. "Mimi huwa naanguka mchana," alisema. "Nimetoka upande wa pili wa mji." Wakaja wengine kama huyo, si wengi. Na wapo walioondoka. Mteja wake wa tangu miaka mitano iliyopita, aliyekuwa akimnyolea hata watoto, sasa hupita ng'ambo ya barabara akiangalia simu. Hilo ndilo lililomuuma kinyozi kuliko yote. Duka halikufa, lakini limepungua. Ukutani amebandika karatasi: kinyozi akianguka, zima mashine, mlaze ubavu, mngoje.

Alirudi kwenye orodha baada ya miezi mitano. Bi Masjala aliiona anwani, akaipitisha kama nyingine yoyote. Siku iliyofuata likaja swali lake: "Mama, hili jibu limefika kwa nani?" Akamwandikia, "Kwangu peke yangu." Ndipo akamsimulia yote hayo, kurasa mbili.

Sasa Bi Masjala ana miaka sitini na saba, na macho yameanza kumsumbua. Ameamua mdogo wake naye ajifunze seva, maana haifai kitu kama hicho kijulikane na mtu mmoja. Mdogo mtu analalamika kwamba mwandiko wa dada yake kwenye daftari ni wa kidaktari. Jumamosi iliyopita alisasisha programu peke yake kwa mara ya kwanza. Bi Masjala alikaa barazani akimenya viazi, ameapa hataingia stoo. Alivumilia dakika ishirini.

"Imekwenda?" alipaza sauti.

"Dada, menya viazi!"

Akaendelea kumenya.