Sikuacha Kupima Bustani

Nilistaafu ualimu nikiwa na goti bovu na muda mwingi mikononi, na kwa sehemu ya kiinua mgongo changu nikanunua detekta. Nalisema hili mapema kwa sababu ndugu wa marehemu mume wangu hupenda kulisema kwa kunong'ona, kana kwamba nilinunua gongo. Niliinunua Arusha kwa fundi wa redio, ambaye naye aliipata kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyekata tamaa akarudi kwao. Ni fimbo ndefu nyepesi, chini ina sahani ya duara, juu ina kisanduku cha betri. Ukiipitisha juu ya ardhi yenye chuma au shaba, inalia.

Sikutaka dhahabu. Mwaka ule niliostaafu nilikuwa napalilia maharage shambani kwetu Maretadu, jembe likagonga kitu kigumu kisicho jiwe. Ilikuwa senti kumi ya zamani, ina tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi. Nimeandika ubaoni "utawala wa Waingereza" mara nisizozikumbuka, lakini sikuwahi kushika kitu chochote cha wakati huo kwa vidole vyangu. Nikakaa juu ya tuta, nikaisugua kwa mate na kona ya khanga mpaka pembe zikang'aa. Siku hiyo maharage yalibaki na magugu yake.

Mbulu mjini kuna bustani ya wazi, ina mijakaranda na mabenchi ya saruji, watu hukaa pale wakisubiri ofisi zifunguliwe. Wazee husema kabla haijawa bustani watu walikuwa wakikusanyika hapo kwa soko na kwa ngoma. Nikaamua kuanzia hapo. Asubuhi na mapema, ukungu bado uko chini, navaa koti langu zito, nachukua detekta na mwiko wa fundi ujenzi wa kuchimbia, naanza kutembea polepole huku na huku kama mtu anayefagia.

Wiki za kwanza nilipata vizibo vya soda. Vizibo, misumari, kijiko, kufuli lisilo na ufunguo. Halafu nikapata senti ishirini yenye mbuni, ile niliyokuwa nikinunulia karanga nikiwa mtoto, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakinitazama waliona kicheko hicho, wakatangaza mji mzima kwamba mwalimu ameona.

Ameona nini? Mali ya Mjerumani, bila shaka. Huku kwetu ukichimba choo tu, mtu atakuuliza kama umekuta sanduku la Mjerumani.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada. Ni mzee wa kanisa, na hukaa kwenye kiti kama mtu anayepigwa picha.

"Shemeji, watu wanasema," akaanza.

"Wanasema nini?"

"Wanasema mengi. Wengine wanasema unafukia vitu pale bustanini."

"Nafukia. Kila shimo ninalochimba nalifukia na kulikanyaga. Ulitaka niyaache wazi watu wavunjike miguu?"

"Unajua ninachosema."

"Najua. Kiseme basi kwa mdomo wako."

Hakukisema. Neno uchawi ni zito kulitamka sebuleni kwa mjane wa kaka yako, huku umeshika kikombe chake cha chai. Badala yake akasema mimi ni mama wa heshima, naimba kwaya, na haifai.

"Kaka yako alikuwa anacheza bao kwenye bustani hiyo hiyo kuanzia asubuhi mpaka jua linazama," nikamwambia. "Ulimwita mtu wa heshima mpaka tunamzika. Mimi natembea tu."

Alimaliza chai akaondoka. Siku tatu baadaye nikaitwa ofisi ya mtendaji wa kata. Sikumwuliza shemeji kama ni yeye aliyepeleka maneno, na mpaka leo sijamwuliza.

Mtendaji alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniacha kwenye benchi muda mrefu, kisha akanikaribisha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema, mwanangu, goti linaniuma."

"Kuna malalamiko. Ile bustani ni ya umma."

"Na mimi ni nani? Siyo umma?"

Akatabasamu akitazama meza. Akasema lazima niwe na kibali. Nikamwuliza kibali hicho kinatolewa wapi. Hakujua. Nikamwuliza kinaombwa kwa nani. Akasema labda halmashauri.

"Sawa," nikasema. "Mpaka nikipate sitachimba. Lakini kama unaniambia niache kabisa, niandikie barua na uweke muhuri. Kwa maneno ya bodaboda siachi."

Hakuandika. Nami nikaanza safari za halmashauri. Nilielekezwa ardhi, ardhi wakanielekeza maliasili, maliasili wakanielekeza utamaduni. Afisa utamaduni alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, na ndiye mtu wa kwanza aliyeniomba kuiona ile senti ya tundu kabla ya kuniuliza ninataka nini. Ilichukua muda, na nilikalia mabenchi mengi, lakini barua ilitoka. Nifukie mashimo. Nisisogelee makaburi wala majengo ya kale. Kitu chochote cha kabla ya uhuru nikipeleke kwake. Nikaipiga lamineshen, nikaitoboa, nikaivaa shingoni kwa kamba kama kitambulisho. Aliyetaka kuuliza aisome mwenyewe.

Ndipo nikapata hela. Nina maana hela hasa, siyo pesa. Ilikuwa karibu na benchi la mwisho, kina cha kiganja kimoja, sauti yake nzito na safi tofauti na kilio chembamba cha kizibo. Kipande kidogo cha shaba kilichogeuka kijani. Upande mmoja taji, upande wa pili majani yamezunguka namba moja na neno HELLER. Niliwafundisha watoto kwamba neno letu hela limetoka kwa Wajerumani, nikapita na kwenda somo linalofuata. Sasa neno lenyewe lilikuwa mkononi mwangu, na lilikuwa baridi. Nilipiga magoti pale pale, na goti bovu halikuniuma.

Niliposimama, watu walikuwa wamejaa. Ningeweza kuitia mfukoni. Nikaishika juu wote waione, nikawapitishia mmoja mmoja waiguse, nikaeleza ni nini na kwamba haiwezi kununua hata kiberiti. Walisikiliza vizuri kabisa. Kufikia mchana ilikuwa imeshakuwa dhahabu.

Habari hiyo ya dhahabu ndiyo iliyomleta yule mfanyabiashara na gari lake. Alinisalimia kwa heshima zote, akasema kuna uwanja wa mnada wa zamani huko Getanuwas, upande wa Hanang, umeachwa wazi na serikali ya kijiji imekubali nipime. Nikamwambia barua yangu ni ya bustani ya Mbulu. Akatoa ya kwake, ina muhuri. Nilitaka sana kupima mnada wa zamani, na hamu ile ilinifanya nisome muhuri bila kusoma barua. Kosa hilo ni langu, silitupi kwa mtu.

Tulipita Haydom, tukateremka mpaka tambarare ambako upepo ni wa vumbi na mlima Hanang unaonekana mzima. Gari likasimama. Nikashuka na detekta yangu, nikatazama. Hapakuwa na mnada. Palikuwa na kilima kidogo cha udongo kilichojengwa kwa mikono ya watu, kimezungushiwa miti. Mimi ni Mwiraqw, lakini nimeishi jirani na Wadatoga muda wa kutosha kujua jinsi wanavyomzika mzee wao mkubwa.

"Hapa ni kaburi," nikasema.

"La zamani hilo, mama. Wazee wanasema Mjerumani alificha sanduku chini yake. Wenyewe walishahama."

"Wenyewe wale pale."

Kutoka kwenye boma la karibu alikuwa anakuja bibi mmoja mrefu, amevaa vazi la ngozi, bangili za shaba zimejaa mikono yote, na fimbo mkononi. Nyuma yake alikuwa mkwe wake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Bibi alisimama kati yangu na kaburi akasema maneno machache. Mkwe akatafsiri kwa Kiswahili.

"Anauliza mnapima nini juu ya baba yake."

Nilifungua kisanduku cha detekta, nikatoa betri zote, nikazitia mfukoni mwa koti.

Mfanyabiashara akanifuata. "Mama, usinifanyie hivyo. Nimechoma mafuta kutoka Mbulu."

"Rudi nayo yaliyobaki."

"Washa hiyo mashine."

"Siwashi. Na ukiichukua wewe, betri ziko kwangu. Njoo unipekue mbele ya hawa mama."

Alinitukana tusi ambalo sijawahi kutukanwa hata na mlevi, akasema nitajua mwenyewe namna ya kurudi, akapanda gari. Nilisimama pale pale mpaka vumbi lake lilipotulia. Nilikuwa na hasira zaidi kuliko woga.

Nilimsalimia bibi shikamoo. Hakuitikia. Nikamwambia kupitia kwa mkwe wake kwamba nilikuja kutafuta, nilidanganywa kuhusu mahali, nilipojua nimeacha. Bibi akageuka kwenda nyumbani, na mkwe akaniashiria niwafuate. Nikapewa maziwa kwenye kibuyu, yana ladha ya moshi. Ndipo bibi akaitikia ile shikamoo.

Baadaye akataka kuona fimbo yangu inafanya nini. Nikarudisha betri, nikaisogeza kwenye bangili zake. Ilipiga yowe, ng'ombe wakainua vichwa, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akairudia na mkono wa pili.

Nikamwonyesha ile senti ya tundu niliyoipata Maretadu, maana siku zote naibeba. Aliigeuza, akapitisha ncha ya kidole kwenye tundu. Akasema mama yake alikuwa akizishonea kwenye vazi la ngozi, safu kwa safu, na wakati wa ngoma kamba zikikatika senti zilianguka, na hakuna aliyeinama kuziokota mpaka ngoma iishe.

"Anasema nyinyi watu wa shule mnafikiri kila hela imetoka mfukoni," mkwe akatafsiri.

Miaka yote ya kufundisha sikuwahi kulifikiria hilo. Nililala kwao. Asubuhi mkwe akanitafutia pikipiki ya kunifikisha barabarani, nami nikafika Mbulu nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikwenda moja kwa moja kwa afisa utamaduni nikamweleza yote, pamoja na uzembe wangu wa kutosoma barua. Alinikemea, nilistahili. Kisha akaandika taarifa kuhusu yule mtu na lile kaburi, akaituma Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Sijasikia mtu mwingine amepelekwa pale.

Shemeji alisema hayo ndiyo aliyokuwa akiyaogopa. Nikamwambia aliogopa kitu kingine. Kesho yake nilikuwa bustanini. Bado niko bustanini, asubuhi tatu kwa wiki, mvua isiponyesha. Vijana wa bodaboda wameacha kupiga kelele. Siku hizi huniita niwatafutie funguo zao zilizopotea.

Ile hela ya taji nilimkabidhi afisa kama barua ilivyoagiza. Iliahidiwa kabati la kioo, iwekwe mahali watu waione. Kabati halijaja. Iko ndani ya bahasha kwenye droo ya meza yake, chini ya stepla. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi naenda ofisini kwake, nasalimia, naketi kwenye benchi la wageni. Akisema leo ana kazi nyingi, namwambia sina haraka, mimi ni mstaafu. Mwishowe hufungua droo. Naishika, naigeuza pande zote mbili mbele ya kila aliyeko ofisini, namrudishia, nauliza kabati limefika wapi, na nasubiri jibu nikiwa nimekaa.