Shangazi na Faili la Kuvunja

Karakana nzima ya miguu ya bandia ilimwita Shangazi, hata mafundi waliomzidi umri. Alikaa chumba cha mbele, penye vumbi la plasta na benchi la wateja, akipokea watu na kutunza vipimo vyao. Kompyuta yenye hifadhidata ilipoletwa, Fundi Mkuu aliikwepa kama deni, akamsukumia yeye.

Shangazi alihangaika nayo. Alikwenda mafunzo ya jioni, mwalimu akaenda mbio, akatoka kapa. Alitazama video, akasinzia. Kitabu alikisoma hadi kurasa zikalegea, lakini akikaa mbele ya kompyuta mikono inaganda. Aliogopa kuharibu, basi.

Ndipo akabuni njia yake, na hapo lazima umvulie kofia. Kila asubuhi, kabla ya kupokea mtu, alinakili faili la kazi, nakala akaiita Kichezeo, kisha akaivunja makusudi. Anafuta majina, anakata kiungo kati ya jedwali la wateja na la vipimo, anaangalia kinachotokea, halafu anapambana kurekebisha.

"Sijaona mtu anayejifunza kwa kuharibu," mume wake, dereva wa lori, alimtania.

"Ulipojifunza lori, ukuta wa jirani uliuangusha wewe au mimi?"

Mume akarudi kwenye chai yake.

Mambo yakanyooka. Kisha asubuhi moja, kabla hajarekebisha alichokivunja, akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mguu wake mpya ukisubiri kumaliziwa. Kidonda cha mguu uliokatwa kilikuwa kimepona kwa taabu, na kumpima upya kungekuwa kumtesa.

"Shangazi, nipe vipimo vya mwalimu," Fundi Mkuu aliita.

Akatafuta. Patupu. Akatafuta mwingine, patupu pia. Alipoangalia jina la faili juu ya kioo, akaelewa. Alikuwa amevunja lile la kazi, na kwa furaha kabisa.

"Kuna nini, mwanangu?" mwalimu aliuliza.

"Nimeharibu, mama. Nipe dakika mbili."

Alitaka kulia. Lakini mikono, safari hii, haikuganda. Ilishazoea vitu vilivyovunjika. Kama hili ndilo nimelivunja, aliwaza, basi Kichezeo leo hakijaguswa. Akakifungua. Watu wote walikuwamo, na vipimo vyao, hadi vya mwalimu. Akakirudisha mahali pa faili la kazi, akachapisha karatasi, akaipeleka ndani mwenyewe.

Kabla ya mchana mwalimu alikuwa anatembea kati ya vyuma viwili vya kujishikilia, akiangalia mbele, si chini. Shangazi alimtazama mpaka mwisho, kisha akamweleza Fundi Mkuu yote bila kuficha.

"Kwa hiyo sasa utaacha kuvunja?"

"Siachi. Ila la kazi nimelipaka rangi nyekundu."

Fundi Mkuu alikung'uta plasta mikononi. Akavuta kiti, akakaa karibu yake.

"Hebu nifungulie hicho Kichezeo," alisema. "Na mimi nivunje kidogo."