Mama King'ora na Tetemeko

Dada yangu hakai. Ukimwambia kaa, anakaa upande mmoja wa kiti kama aliyekuja kuomba samahani, macho juu kwenye dari. Tangu lile tetemeko, kabati la nguo limehamishwa mara nyingi kuliko watoto wa paka. Mtungi wa gesi ameufunga ukutani kwa mnyororo, na picha ya wazazi wetu ameishusha kutoka juu ya kitanda changu, eti itanipasua kichwa. Mimi ni msusi. Nilikuja kumuuguza bega tu, kumbe nitauguza na nyumba nzima.

Kazi yake ni kulea bweni la wasichana pale chuo kikuu. Wanafunzi wanamwita Mama King'ora, kwa sababu ya sauti. Kila muhula ukianza anawakusanya ukumbini na kuwaimbia yale yale: ardhi ikitikisika, usikimbie. Ingia chini ya meza, funika kichwa, shikilia mguu wa meza mpaka kutulie, halafu mtoke kwa utaratibu, mkasimame uwanjani mbali na kuta. Walimcheka weee, naye akarudia mpaka wakayashika kama majina yao.

Siku yenyewe ilipofika ilikuwa asubuhi, wasichana wanajisomea ukumbini. Wote waliingia chini ya meza. Rafu za vitabu zililala kifudifudi, vioo vikamwagika, ukuta wa ngazi ukapasuka juu hadi chini, na hakuna msichana aliyepata hata mkwaruzo. Aliyeumia ni mtu mmoja tu, dada yangu. Alikimbia. Alikuwa wa kwanza mlangoni, kiatu kimoja mguuni, na kigae cha paa kikamkuta pale nje ya kizingiti kikamvunja mtulinga. Wasichana walipotoka, kwa utaratibu kama walivyofundishwa, walimkuta ameketi chini analia.

"Mganga hajigangi, dada," nilimtania hospitalini. Hakucheka.

"Niliwaacha," alisema. "Watoto wa watu! Miguu ilikwenda bila kuniuliza."

Sasa bweni limekarabatiwa, mafundi wamelikagua, na wasichana wanarudi. Mkubwa wake wa kazi alimpigia simu kwa upole: kama hataki tena ulezi, atampeleka stoo ya mashuka. Dada alitaka kukubali. Nilipandwa na hasira mpaka nikaangusha chanuo.

"Kazi uliyoipenda hivyo, leo ukakae na mashuka?"

"Mashuka hayanitazami," alijibu. "Wale nitawatazama kwa macho gani? Nikifungua mdomo niseme usikimbie, si watazimia kwa kicheko?"

Alizunguka sebule mpaka nikaona kizunguzungu mimi niliyekaa. Mwishowe nikamwambia aende mara moja tu, awaage, kisha mashuka yake yatamsubiri.

Tulikwenda pamoja. Nilisema nitambebea mkoba, lakini ukweli nilikwenda kumzuia asirudie njiani. Alibadilisha gauni mara tatu. Ukumbini kulinuka rangi mpya, rafu zimekazwa ukutani kwa vyuma. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye meza zao. Dada alisimama mbele yao akaanza somo lake kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na hakuna aliyecheka. Nilimwona anatazama mlango kila baada ya sentensi.

Ndipo madirisha yakaanza kugongana.

Sijui niliingiaje chini ya meza, najua tu makalio yalibaki nje. Nikamwona dada ameshageukia mlango. Wasichana wawili wa meza ya mbele walimdaka, mmoja kiuno, mwingine gauni, wakamvuta chini pamoja nao.

"Niacheni!" alipiga kelele. "Niacheni nitoke!"

"Hatukuachi, mama. Shika mguu wa meza. Shika!"

Akashika. Ardhi ilinguruma kidogo, ikatulia. Nilingoja watu wakurupuke, lakini hakuna aliyetoa hata kichwa.

"Mama," yule wa kiuno akasema, "tunakusubiri wewe. Hatutoki mpaka useme."

Dada aliutazama mlango mara moja tu. Kisha kutoka chini ya ile meza king'ora kikalia, kwanza kimepasuka, halafu kimenyooka: "Tokeni! Kwa utaratibu! Nani huyo anasukuma?" Walitoka wote, nami nikatoka, na dada yangu akatoka wa mwisho.

Uwanjani alikuwa akiwapanga mistari na kuwagombeza, hana habari na mashuka. Nilimvuta pembeni yule msichana wa kiuno nikamshukuru, nikamwuliza amewezaje kumdaka upesi hivyo.

"Tumepanga zamu, mama mdogo," alisema. "Kila siku wawili watakuwa karibu naye. Tulijua atakimbia."