Siku Nilipomwosha Askari wa Rajabu

Harufu ya udongo mbichi ilikuwa bado imening'ang'ania vidoleni jioni ile baba aliponiambia, huku akicheka, kwamba kesho nikishindwa katika mchezo wa vita shuleni nisitoke mikono mitupu: nimfanyie utani yule Mnyamwezi ninayeshindana naye, watu wafurahi. Ningeweza kukataa. Ningesema kwamba shule si mahali pa mambo hayo, na baba asingesisitiza, maana alikuwa akizungumza tu kupitisha wakati kibarazani kwetu Temeke. Lakini nilikubali upesi kuliko alivyotegemea, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua nitakalofanya. Baba alikuwa akifikiria kicheko. Mimi nilikuwa na wivu, na wivu ukipewa ruhusa na mkubwa hauulizi mara mbili.

Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani. Vijana wa leo hudhani utani ni kuchekana tu. Kwetu ulikuwa na sheria zake. Mtani aliweza kukusema mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia na kuondoka nayo hadi umkomboe. Ukicheka umeshinda, ukikasirika umejiaibisha. Palipotokea msiba, mtani ndiye aliyesaidia kuosha maiti na kuchimba kaburi, na papo hapo akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akila, wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka. Jirani yetu Mzee Kapaya alikuwa Mnyamwezi wa namna hiyo hasa. Ujanani alikuwa askari wa Mjerumani, na uzeeni akawa mlinzi wa ghala la pamba karibu na bandari. Kila alasiri alipopita kwetu, baba humwambia, "Nyie mlikuja na mizigo kichwani, mkasahau njia ya kurudi." Naye, bila kusimama, hujibu, "Tulipofika tuliwakuta mnacheza ngoma. Tunawasubiri mmalize, tuagane vizuri."

Mwanawe Rajabu tulikuwa rika moja, darasa moja, dawati moja. Katika kusoma na kuhesabu nilimwacha mbali, na nilizoea hivyo kama mtu anavyozoea kivuli chake. Mambo yaligeuka alipokuja Mwalimu Lameki, mtu wa bara aliyewahi kuwa sajini katika vita vya Burma. Huko aliwaona maofisa wakitengeneza nchi nzima juu ya meza ya mchanga, milima na mito yake, kisha wakasogeza vikosi vya bandia ili kujua vita itakwendaje. Akaamua kutufundishia historia hivyo hivyo. Tukaunganisha meza mbili, tukazizungushia mbao, tukamwaga mchanga, tukatengeneza mji wa Tanga na reli na mashamba yake, kama ulivyokuwa wakati Mwingereza alipotaka kushuka kwa majahazi ya moshi akiwa na jeshi kutoka Bara Hindi, na Mjerumani akamzuia kwa askari wetu weusi. Mwalimu hakutaka kusikika akifundisha kwamba Mwingereza hushindwa. Kwa hiyo alitangaza kwamba mshindi ataamuliwa na dadu, si na yeye, na kama kuna mtu ana malalamiko ayapeleke kwa dadu.

Kilichokosekana kilikuwa askari, na hapo ndipo Rajabu alipoinuka. Alichimba udongo wa mfinyanzi bondeni Mtoni, akafinyanga watu wa urefu wa kidole, akawachoma kwa makumbi ya nazi shimoni nyuma ya nyumba yao. Vilemba vya Wahindi alivipaka udongo mweupe wa Pugu. Sare za askari alizipaka maji ya maganda ya mkoko hadi zikawa na rangi ya kaki iliyofuliwa mara nyingi. Maofisa akawatia macho kwa buluu ya kufulia. Bunduki zilikuwa njiti za chelewa. Hakuna aliyefanana na mwenzake. Mmoja alikuwa akifunga kamba ya kiatu, mwingine ameshika tumbo, mwingine amegeuka nyuma kama aliyeitwa na mtu anayemdai. Mwalimu aliwashika kwa ncha za vidole, kama anayenunua mayai, na sauti yake ilishuka kila alipowasogelea. Kwangu mimi, niliyekuwa nikipata alama za juu kila muhula, hakuwahi kushusha sauti.

Nilijaribu kufinyanga wangu. Walitoka na shingo za bata. Nikawavunja kabla mtu hajawaona, kisha nikahamishia vita yangu kwenye kanuni za mchezo. Nilidai kikosi kisogee kwa shubiri, kwa kuwa kiganja changu kilikuwa kikubwa kuliko chake. Rajabu akaleta kamba yenye mafundo na kusema kamba haina mwenyewe, na Mwalimu akamkubalia. Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Baba, ambaye ripoti zangu za shule aliziweka chini ya godoro bila neno, alimsifia Rajabu kwa kila mpita njia. "Chanda chema huvikwa pete," alisema, "yule mtoto ana mkono." Nilivitazama vidole vyangu vilivyojaa wino, nikaona havitavikwa kitu. Wazee husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo nyingi, na kila siku niliongeza nyingine.

Siku chache kabla ya sherehe ya wazazi, Rajabu alimfinyanga baba yake. Mzee Kapaya alikuwapo Tanga kwenyewe, akimlisha risasi Mjerumani wa bombomu, ile bunduki iliyomimina risasi kama mvua. Basi mwanawe akamwomba aoneshe alivyopiga goti. Nilikuwapo uani: mzee mzima amepiga goti moja, amekumbatia mchi wa kutwangia kama mzinga, na mkewe akimwambia aangalie asiuvunje, kuna mpunga haujatwangwa. Mzee Kapaya hakuwahi kupigwa picha maishani. Studio zilikuwa mjini kwa Wahindi, na alipohimizwa aende alijibu kwamba hana sura ya kulipia. Ila Rajabu aliikamata sura ile yote kwenye kipande cha udongo kisichozidi kidole: sikio la kushoto lililokatwa na risasi, taya lililotangulia mbele, na ule ukaidi wa mtu anayekaribia kucheka. Nilikitazama pande zote. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilichotamani ni kwamba kisiwepo.

Rajabu akanivuta pembeni akaniambia siri. Udongo ulikuwa haujakauka vizuri ndani. Akimtia motoni atapasuka, na siku zilikuwa zimekwisha. Amempaka rangi hivyo hivyo, bila kumchoma. Baada ya sherehe atamkausha taratibu, kisha amchome.

"Usimwambie mtu," alisema. "Asiguswe na maji tu."

Sikumwambia mtu.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mzee Kapaya alikaa mbele, amevaa kanzu, baba yangu ubavuni pake. Mimi niliongoza jeshi la Mwingereza, Rajabu la Mjerumani. Tulirusha dadu kwa zamu, tukasogeza vikosi kwa kamba yake, na mwanzoni nilikwenda vizuri: nilivuka reli, nikaingia mjini, wanaume wa Kizaramo wakanipigia makofi. Kisha Rajabu akarusha dadu iliyoamsha nyuki. Hilo nalo lilitokea kweli Tanga, mizinga ya nyuki ilipopigwa risasi mashambani, na Rajabu alikuwa amewatengeneza kwa sufi iliyosuguliwa mkaa. Aliwaweka juu ya kikosi changu bora taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka, na ukumbi mzima ukashangilia. Katika zamu zilizofuata bombomu ya Mzee Kapaya ikanimaliza. Mwalimu alimshika Rajabu bega. Baba yangu alikuwa amesimama, akipiga makofi kwa mikono iliyonyooshwa juu, na mikono ile haikuwa ikinipigia mimi.

Nikakumbuka kwamba nina ruhusa. Nikapaza sauti ya kiutani, ile ya kuvuta maneno, nikasema vita imekwisha na huyu Mnyamwezi kapiga goti hainuki, basi bila shaka amekufa. Mtamwachaje bila kuoshwa na sisi watani wake tupo? Watu wakaanza kucheka kabla sijamaliza. Nikamnyakua yule askari mezani. Mlangoni palikuwa na karai la maji la wageni kunawia kabla ya pilau. Nikamzamisha humo, nikawa namsugua kwa kidole gumba kama anayeosha maiti. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, mwingine akaniambia nisisahau masikio. Nilianza na sikio. Lilitoka mara moja. Kisha taya, kisha uso wote ukalainika chini ya kidole changu, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na nilipoutoa mkono nilikuwa nimeshika donge.

Waliokuwa karibu walidhani ni bahati mbaya. Rajabu alimtazama baba yake, na ukumbi nao ukamtazama. Kama Mzee Kapaya angekunja uso, ningepigwa viboko nyumbani, na leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini yeye alikuwa mtani, na sheria aliijua kuliko sisi sote. Akacheka. Alicheka kwa sauti, akasema, "Wazaramo nyie, mnaosha mpaka mfupa," na watu wakapumua, wakacheka naye. Rajabu akacheka pia, maana hakuwa na njia nyingine. Kicheko chake kiliishia menoni.

Watu walipokwenda kwenye pilau alinisogelea.

"Ulijua," alisema.

"Utani huo, bwana."

"Najua ni utani."

Nilitaka kumwomba radhi kesho yake, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Nikagundua nimejifungia mwenyewe mlango. Anayeomba radhi kwa utani amekiri kwamba haukuwa utani, na mimi sikuwa na ujasiri huo. Nilijificha nyuma ya mila ya wazee wangu. Mwalimu Lameki alimfariji Rajabu kwamba kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Rajabu akaitikia vizuri, ila hakufinyanga tena. Askari waliobaki aliniletea mwenyewe nyumbani, ndani ya kikapu, amewafungia majani makavu wasigongane. Akaninyooshea kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la ukoo wetu, Bwana Pazi. Tulikuwa watoto bado, na hapo nyuma alizoea kuniita Kichwa-Boga. Nilikuwa nimepata jeshi zima nililolionea kijicho, na sikuwa na mtu wa kupigana naye.

Mie niliendelea na sekondari, yeye akaajiriwa kwenye reli, na sote wawili tukarudi kujenga Temeke. Kwa miaka yote hiyo aliniamkia kwa adabu, akaniuliza hali ya watoto, akaniaga kwa adabu. Mzee Kapaya alipofariki, watani wa Kizaramo hatukuitwa kuchimba kaburi. Tulipewa viti pamoja na wageni. Baba aliniuliza kulikoni. Nilimjibu kwamba zama zimebadilika, naye akaketi kwenye kiti chake cha mgeni hadi mazishi yakaisha.

Siku hizi wajukuu wangu hupigana vita kwenye simu, na wakishindwa huanza upya kwa kubonyeza. Utani nao wameuhamishia kwenye mpira, wanatukanana na watu wasiowajua. Siwalaumu, sisi tulikuwa na kitu kizito zaidi mikononi, na mimi ndiye niliyekitumia vibaya. Mwaka juzi mjukuu wa Rajabu alikuja kuniuliza kama nina picha yoyote ya Mzee Kapaya, baba wa babu yake, kwani wanatengeneza kumbukumbu ya ukoo. Nilimwambia sina. Rajabu alikuwa ameshazikwa, nami siku ya mazishi yake nilikaa kwenye kiti nilichopewa.

Basi gharama ya jibu lile nililompa baba kibarazani ni hii. Uso wa Mzee Kapaya haupo popote duniani, kwa sababu niliufuta kwa kidole changu. Mkono wa Rajabu haukuumba tena. Na mimi nimezeeka bila rafiki, maana mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kunicheka usoni, na tangu siku ile hadi kufa kwake aliniheshimu.