Mteja wa Kila Asubuhi

Kabla hajawa mlezi wa wazee, Spika aliuza nguo za mitumba sokoni, na jina hilo alipewa na wauzaji wenzake kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti. Akisema "Chagua, dada, chagua!" hata aliyekuwa ng'ambo ya barabara aligeuka. Soko lilipobomolewa ili lijengwe upya, wifi yake, mpishi katika nyumba ya kulelea wazee, akamwambia, "Huku kuna nafasi. Ila wengi wao wana ugonjwa wa kusahau. Utaweza?"

Spika akajibu kwamba aliyezoea kubishana na wateja wa Jumamosi hashindwi na bibi kizee.

Alishindwa siku ya kwanza. Aliingia chumba cha mwisho kama anaingia sokoni: "Shikamoo mama! Umeamkaje? Chai au uji? Haya, inuka tukaoge, maji yanapoa!" Kitandani alikuwapo mama mwembamba mwenye vidole virefu, fundi cherehani wa miaka mingi, ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Fundi. Mama Fundi alijivuta hadi ukutani, akamkodolea macho huyu mtu wa kelele, kisha akamtupia kandambili. Ikampata Spika kifuani.

Matroni, msimamizi wa walezi, alicheka mpaka akashika mlango. "Dada, huku hatunadi mashati." Akamtoa nje, akamwelekeza. Usimjie kwa nyuma. Mwendee kwa mbele, uchutame mpaka macho yenu yalingane. Mwambie wewe ni nani, kila siku, kama vile hamjawahi kuonana. Muulize jambo moja tu.

"Halafu unyamaze."

"Ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka ajibu. Swali lako linasafiri mbali kumfikia. Ukimrushia la pili, la kwanza linapotelea njiani."

Kuchutama kulimuuma magoti, lakini kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Alijiuma midomo, akatazama dari, akameza maneno kama dawa chungu. Wiki hiyo mumewe alisimulia habari nzima mezani bila kukatizwa, mwishowe akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kila alasiri Mama Fundi alichukua mkoba wake, akashika njia ya getini. "Nifungulieni. Bibi harusi ananisubiri dukani." Siku moja Spika, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Mama, lile duka lilifungwa zamani. Sasa unaishi hapa."

Uso wa mama ukaporomoka, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akalia. Baada ya muda hakukumbuka tena ameambiwa nini, lakini machozi yakaendelea mpaka chakula cha jioni.

"Mimi nimemwambia ukweli," Spika alijitetea kwa Matroni.

"Umemwambia. Habari imemtoka, majonzi yamebaki."

"Sasa nimdanganye?"

"Nani kasema umdanganye? Muulize habari za hilo gauni. Kuuliza si kudanganya."

Kesho yake Spika alimkuta mama ukumbini, mkoba begani. Akachutama mbele yake. "Mama, ni mimi Spika, niko hapa kukusaidia. Hilo gauni la bibi harusi likoje?" Akanyamaza. Mhudumu akapita na ndoo ya kudekia, akarudi. Midomo ya Mama Fundi ikaanza kucheza.

"Mikono mirefu," alisema. "Mama yake anataka mifupi. Nimemkatalia."

Hapo maneno yakafunguka: vifungo vya mgongoni, lesi iliyokuwa ngumu kupitisha sindano, bibi harusi aliyenenepa kwa woga wiki moja kabla ya harusi. Wakazunguka ukumbi wote wameshikana mikono, na geti likasahauliwa.

Kuoga nako kukapata njia yake. Asubuhi moja Spika alitandaza shuka jipya jeupe juu ya meza. Mama Fundi alinyoosha vidole alishike, akavirudisha, akavikagua. "Mikono hii itakitia doa kitambaa. Maji yako wapi?" Wakaanza na mikono, wakapanda mabegani, wakashuka miguuni, na mwenyewe akaomba sabuni zaidi. Neno "kuoga" halikutajwa. Akanukia vizuri, akakaa mbele ya shuka lake, na Spika akamkabidhi futi ya kupimia aliyoitoa nyumbani.

"Karibu, mteja. Sijawahi kukuona hapa," alisema Mama Fundi. "Simama wima. Na usivute tumbo, gauni halidanganywi."

Tangu hapo Spika akawa mteja mpya kila asubuhi. Siku nyingine aliambiwa nyonga zimezidi, akajifanya kununa. Siku nyingine aliambiwa amepungua, na siku hizo alitembea nyumba nzima kwa maringo, akimsimulia kila mwenye masikio.

Aliyekuwa hacheki ni binti wa Mama Fundi, karani wa ofisini, mwenye kuja kila Jumapili na kuanza na swali lile lile: "Mama, mimi nani?" Mama alikuwa akitahayari, akitafuta huku na huko, akisema, "Wewe... wewe ni mgeni wetu." Na binti akiondoka macho mekundu.

Jumapili moja Spika alimfuata nje. "Dada yangu, usimpe mtihani. Akifeli, mnaumia wote wawili."

"Huyo kanizaa mimi!" binti alifoka. "Wewe umemjua juzi tu."

Zamani Spika angemjibu neno kwa neno. Safari hii alinyamaza, akasubiri. Binti akafungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Basi nimwambie nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwambie wewe ni nani, yaishe. Kisha muombe kitu anachokiweza."

Jumapili iliyofuata alikuja na gauni la kijani lililofumuka pindo. Akachutama. "Mama, shikamoo. Ni mimi, binti yako. Gauni langu limefumuka."

Mama Fundi hakushughulika na "binti yako." Alilivuta gauni, akalipindua, akakunja pua. "Nani kashona hivi? Huyu alikuwa anashona au anapigana na cherehani?" Spika akapasuka kwa kicheko, binti naye akashindwa kujizuia. Wakamtungia uzi kwenye sindano butu, Spika akakaa karibu kuangalia vidole.

Lakini kwanza vipimo. Mama Fundi alimsimamisha binti, akamgeuza, akampapasa mabega, na vidole vikatulia pale.

"Bega hili limeshuka," alisema. "Kama la mwanangu."

Binti akageuza kichwa. Alitaka kuuliza, Spika akamtikisia kichwa: subiri.

"Wa kwangu ni hivi hivi. Namtilia pamba ndani ya gauni, bega moja tu. Yeye hajui." Mama Fundi akacheka kwa siri. "Watoto wenzake wasije wakamcheka."

Binti alishika bega lake. Utoto wake wote alivaa magauni ya mama yake na hakuwahi kuijua hiyo pamba. Alijijua tu kuwa mtoto ambaye nguo zilimkaa vizuri. Akaanza kucheka, machozi yakamtoka humo humo, na mama, alipoona mteja anacheka, akacheka zaidi, bila kuhitaji sababu.

Si kila Jumapili ilikuwa hivyo. Nyingine mama hakusema neno, wakakaa wakichambua nyuzi, bega kwa bega, nayo ikatosha. Lakini ile siku gauni la kijani lilimalizika kabla ya jua kuzama: uzi mweupe, mishono mingine mirefu, mingine mifupi, pindo limepanda upande mmoja. Mama Fundi alilikagua, akaridhika.

"Vaa nione," aliamuru.

Binti akalivaa hapo hapo juu ya nguo zake, akazunguka, na Jumatatu akaenda nalo kazini.