Sweta za Ng'ombe wa Pellwood

Wanza, mamake Muoki, alikuwa mfumaji wa sweta za shule mtaani Shauri Moyo. Mashine yake ya kufuma ilikaa mlangoni, na kila aliyepita kwenda soko la Gikomba alipimwa kwa jicho, kifua na mikono, bila yeye kujua. Ulimi wake ulikuwa mtamu lakini hakuwa mwongo. Uongo alifundishwa ukubwani, na walimu wake walikuwa majirani.

Mwaka wa 1994 kanisa lao lilialikwa kutuma mtu mmoja akakae miezi sita na kanisa rafiki huko Kanada. Wazee wa kanisa walibishana wiki tatu nani kati yao aende, wakashindwa kuelewana, na kwa hasira wakamtuma Wanza, ambaye hakuwa hata ameomba.

Aliondoka Januari, akarudi mwisho wa Juni. Jumapili iliyofuata alipewa nafasi atoe ripoti. Akasimama, akajifunga leso vizuri, akaanza kuieleza nchi kama alivyoiona.

Pellwood, alisema, ni kama tarafa ya huku kwetu, ila ni pana ajabu na watu wake wote hawafiki elfu moja. Ardhi ni mwamba mtupu na misitu ya misonobari. Jembe likishuka kidogo tu linakwaruza jiwe. Maziwa ni mengi, mengine hata hayajapewa jina. Vijiji ni vichache. Kimoja watu wake wanasema Kifaransa. Kingine ni cha wajukuu wa Wafini waliokuja zamani kukata miti, na huko ndiko alikokaa yeye. Kando ya ziwa kubwa wanaishi Waojibwe, wenyewe wa nchi tangu mwanzo, na hao ndio waliomfundisha kutembea juu ya theluji asizame.

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Sasa Januari," akaendelea, "ziwa linaganda. Linakuwa gumu kama sakafu. Watu wanapita juu yake na pikapu, wanajenga vibanda katikati, wanatoboa tundu na kuvua samaki."

Masinde, babake Nangila, akanyanyuka. Alikuwa dereva wa lori katika kiwanda cha blanketi, mtu wa Mlima Elgon, mpole, lakini mambo ya magari hakutaka yachezewe.

"Mama Muoki," aliuliza, "hiyo pikapu ni ya tani ngapi?"

"Sikuuliza. Nilikuwa ndani yake, nikisali."

Kanisa zima likacheka. Alipoongeza kwamba mwezi wa sita jua la huko halizami mpaka saa tatu usiku, na kwamba nchi hiyo ya barafu ina mbu kuliko mashamba ya mpunga ya Ahero, mchungaji aliomba wimbo.

Tangu siku hiyo akaitwa Mama Ziwa. Akifika kwenye bomba la maji na ndoo zake, Everline, mke wa mchungaji, humuuliza kama leo amekuja kwa miguu au kwa pikapu.

Wanza aliumia wiki mbili. Wiki ya tatu akaamua kwamba kama ukweli hawautaki, atawapa kitu kingine watafune.

"Sikuwaambia kazi niliyofanya kule," alisema bombani, uso mkavu. "Nilikuwa nikifuma sweta za ng'ombe."

Everline akaweka ndoo chini. "Za ng'ombe?"

"Baridi ile, utamwacha uchi? Sweta moja, mikono minne. Ng'ombe wa maziwa hana shida, lakini fahali hataki kabisa shingo ya kubana."

"Hiyo sasa inaingia akilini," alisema Everline.

Hakuna aliyebisha. Mfumaji akizungumza habari za kufuma, nani amkosoe? Wanza naye akanogewa. Kufikia Krismasi ng'ombe wa Pellwood walikuwa na soksi.

Julai mwaka uliofuata barua ikaja: Bi Irja, mjane wa Kifini aliyemkaribisha Wanza nyumbani kwake, anakuja kuwatembelea. Wanza akapoteza hamu ya chakula.

Bi Irja alishuka kwenye ndege akiwa na gauni jepesi na ndala, akitetemeka.

"Nilikuandikia kwamba Julai huku ni baridi, ulete nguo nzito," Wanza alimwambia.

"Nilidhani unanitania. Nani amewahi kusikia baridi kwenye ikweta?"

Kwa hiyo mama yule wa miaka sabini aliingia kanisani Jumapili amevaa sweta ya shule, mistari miwili ya njano shingoni. Masinde akasimama, Everline akitafsiri.

"Tunaomba kuuliza. Ni kweli ng'ombe wa kwenu wanavaa sweta?"

Bi Irja akamtazama Wanza. Wanza alikuwa akikagua viatu vyake.

"Ni kweli," mama mzee akasema taratibu. "Ya ng'ombe wangu ilikuwa na vifungo. Akavila."

Watu wakapiga makofi.

"Na magari, yanapita juu ya ziwa?"

"Yanapita. Hata langu."

Akatoa picha mkobani: pikapu nyekundu juu ya weupe mtupu, na kwa mbali mstari wa miti. Picha ikapita benchi kwa benchi hadi kwa Masinde. Aliielekeza dirishani, akaichunguza.

"Hii ni chumvi ya ziwa Magadi," alisema, akairudisha kwa adabu.

Bi Irja alikaa wiki tatu, akaondoka na ile sweta. Siku chache baadaye Masinde alikuja kwa Wanza na kamba yenye mafundo. Vilikuwa vipimo vya ng'ombe wa mama yake, huko juu mlimani Kapsokwony.

"Baridi ya kwetu unaijua," alisema. "Na mama amezeeka. Ng'ombe huyo ndiye tegemeo lake."

Wanza akasimamisha mashine. Aibu ilimshika. "Baba Nangila, ule ulikuwa uongo wangu. Mlinicheka, nikakasirika. Ng'ombe wa kule hukaa zizini tu, kwenye nyasi kavu."

Masinde alimtazama kwa masikitiko. "Mama Muoki, kama hutaki kazi, sema. Lakini usimfanye Bi Irja kuwa mwongo, naye alisema mbele ya madhabahu."

Wanza akaipokea kamba. Kazi ilimchukua siku nne, kwa mabaki ya nyuzi za shule tatu, na sehemu ya mkia aliifumua mara mbili. Masinde akaibeba kwenye basi la Kitale, imekunjwa kwenye gazeti.

Mwezi wa kumi mama yake Masinde alimtumia Wanza mkungu wa ndizi na ujumbe: ng'ombe hajambo, ila sweta sasa inahitaji kufuliwa, na mwenyewe hakubali kuvuliwa.